Viti Viwili na Kabichi

Kwa miaka thelathini nilikuwa fundi wa magari katika gereji moja kando ya Ngong Road, na muda mwingi wa miaka hiyo mimi na mke wangu tulipanga chumba Kianda, Kibera. Baadaye tulijenga kijumba chetu Satellite, karibu na Kawangware, ambako yeye anauza kabichi na nyanya sokoni mpaka leo. Naeleza haya mwanzo ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kununua gari la mbio. Nilikuwa mtu wa kulitengeneza.

Hilo nililokuja kulinunua, la viti viwili tu, lilikuwa la mteja wetu aliyekuwa anahamia ng'ambo. Lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita laki mbili, na kwa sababu hiyo matajiri wenzake hawakulitaka. Wao hununua magari ya aina hiyo yakae chini ya turubai. Mimi nilijua kwamba gari kama hilo likisimama, sili zake za mpira hukauka na oili ikaanza kuvuja. Hili mwenyewe alikuwa analiendesha kwenda kazini kila siku, na injini yake ilipumua vizuri kuliko nyingi nilizowahi kufungua. Klachi niliibadilisha kwa mikono yangu. Nikamwambia nalitaka, tena la kuendea dukani na kanisani, si la kuangaliwa.

Ili kulipata niliuza pikapu yetu. Hapo ndipo penye kosa langu, na sitalizungusha. Pikapu hiyo tuliinunua pamoja, na ndiyo iliyombebea mke wangu kabichi kutoka soko la jumla mjini. Sikumuuliza.

Nilipoingia nalo uani alikuwa anaanika nguo. Alilizunguka mara moja, akainama, akachungulia ndani.

"Ni zuri," akasema. "Na kabichi zitakaa wapi?"

"Mikokoteni iko."

Ndivyo nilivyomjibu. Angefoka, labda ningekuwa na la kujitetea. Yeye aliokota beseni lake akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata alikubali kupanda, maana kanisa letu bado liko Kianda. Kiti cha gari lile kiko chini sana, kama umeketi kwenye lami, na magoti ya mke wangu yanauma kwa miaka ya kusimama sokoni. Kuingia aliingia, alijiachilia tu. Kutoka ndiko kulikomshinda. Akina mama wawili walimvuta mikono, mwingine akamsukuma mgongoni, na watu wa bodaboda wakasimama kutazama.

"Buda, hiyo ni gari ama ni shimo?" mmoja akaniuliza.

"Wee, toa mathe pole pole!" mwingine akadakia.

Watu wakacheka, naye akacheka nao huku akirekebisha kitambaa chake kichwani. Nikadhani yamekwisha. Jumapili iliyofuata, nilipotoka kuoga, nilikuta ameshaondoka kwa bodaboda. Na iliyofuata vilevile. Hakuninunia, chai alinipikia na habari za soko alinipa. Ila hakukaa tena kando yangu.

Gari lenyewe halikunisumbua kama walivyotabiri watu. Matuta nililipandisha kwa ubavu, gurudumu moja baada ya jingine. Liliwaka kila asubuhi. Lakini nilikuwa nimejiona, miaka yote ile chini ya magari ya wenyewe, nikiendesha moja la kwangu na mke wangu akiwa pale kulia... hapana, kushoto, usukani ni wangu. Hata katika kuota nilikuwa nimempanga vibaya.

Asubuhi moja nilikwama nyuma ya mkokoteni karibu na soko la Kawangware. Mwenye mkokoteni alivuta mbele, na nyuma palikuwa na mwanamke anayesukuma, tope hadi vifundoni. Nilikuwa tayari nimeweka kidole kwenye honi nilipokitambua kitambaa. Tangu pikapu iondoke, alikuwa ananunua kabichi kwenye lori linaloshushia barabarani, kisha anazisindikiza hivyo mpaka kwenye meza yake. Nilimfuata kwa gia ya kwanza. Hakugeuka.

Kesho yake nilimtangulia kwenye lori. Injini ya gari lile iko nyuma ya viti na buti iko mbele, ndogo, inaingia kabichi chache tu. Gunia la kabichi nikaliketisha kwenye kiti cha abiria, nikalifunga mkanda. Nilienda safari tatu. Akina mama wa sokoni walifurahi sana.

"Mzee, bibi mpya huyo umemfunga ili asitoroke?"

"Huyu hanisumbui na magoti," nikajibu.

Walicheka hadi wakashika meza. Mke wangu alikuwa anapanga nyanya. "Hata kabichi imepata kiti," akasema, akiziambia nyanya.

Nimesema maneno mengi ya kijinga maishani, lakini hilo la magoti nililisikia likianguka.

Alasiri ile nilikitoa kile kiti. Dawa yake niliijua tangu Jumapili ya kwanza: kuweka vipande vya chuma chini ya reli za kiti, boliti ndefu, na mpini wa kushikia juu ya mlango. Sikufanya kwa sababu ilibidi nitoboe sakafu, nami sikutaka kuliharibu gari. Muda wote huo nilikuwa nalihurumia bati.

Nilitoboa. Nikamwita.

"Kaa."

Alikaa. Kitambaa chake kikagusa paa. "Nitakuwa nimeinamisha kichwa kama ninayesali."

"Nitashusha kidogo."

"Acha. Goti limekubali." Akashika mpini, akatoka mwenyewe, akasimama. Kisha akarudi akakaa tena, nadhani kuhakikisha.

Nilichuchumaa kando ya mlango na spana mkononi. "Nilikosa," nikamwambia. "Ilifaa nikuulize kwanza kuhusu pikapu."

"Ungeniuliza ningekataa."

"Ndiyo maana sikuuliza."

"Najua, Baba. Nilijua siku ile ile." Alipapasa dashibodi kwa kiganja. "Sasa mambo ya mkokoteni yameisha. Kubeba kabichi ni kazi yako kila asubuhi, safari hata kumi."

"Sawa."

Jumapili hakutangulia. Alingoja langoni na mkoba wake, akaketi, akajifunga mkanda bila kusaidiwa. Nilitaka kushika njia ya kwenda kanisani.

"Pitia sokoni kwanza," akasema. "Na usikimbie."

Akashusha kioo, akatoa kiwiko nje, nami nikaendesha polepole kabisa mbele ya akina mama wale, mpaka meza ya mwisho.