Saa Mbili ya Tiketi Yangu

Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, na kila mwaka nilichora saa ubaoni. Mshale mfupi hapa, mshale mrefu pale. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia nimeyaficha kwa muda mrefu, maana wanafunzi wangu wamejaa Tabora na midomo wanayo.

Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa Dodoma, Jumamosi, saa nane mchana. Kaka alikuwa ameshafariki. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Dada, wewe ndiye utakayemwingiza mwanangu kanisani." Nikaitikia. Basi harusi ile kwangu haikuwa safari ya kwenda kula pilau.

Tiketi ya treni ilikuwa ya Ijumaa, muda umeandikwa 02:00. Nikasoma saa mbili. Saa mbili asubuhi, nikajisemea, wakati mzuri kabisa, mtu unaondoka umeshakunywa chai yako. Nikalala usingizi mnono nyumbani kwangu Gongoni, nikaamka, nikapakia madebe mawili ya asali kwenye bajaji, na saa moja na nusu nikawa stesheni.

Watu walikuwa wamejaa, wengine wamejinyoosha sakafuni juu ya kanga. Nikawasifu kimoyomoyo kwa kuwahi. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha kama treni ya saa mbili iko karibu.

"Ya saa mbili ipi, mama? Sisi tunangoja ya saa nane usiku. Haijafika mpaka sasa, wala hakuna anayetuambia kitu."

Nikaitoa tiketi. 02:00. Mwalimu mzima, nimesoma saa ya Kizungu kwa macho ya Kiswahili! Mabasi ya Dodoma yalikuwa yameshaondoka alfajiri. Kama treni ile ingekuwa na adabu ya kufika kwa wakati, ningekuwa nimeachwa, na neno nililompa kaka limekuwa bure.

Nikakaa juu ya debe langu. Abiria walikuwa wanalaani, na mimi, Mungu anisamehe, nikalaani pamoja nao. "Ni aibu!" nilisema kwa sauti, huku moyoni nashangilia kama mtoto aliyeahirishiwa mtihani. Saa nne treni ikaingia kutoka Kigoma. Injini yake ilikuwa imeharibika njiani, ikabidi ingojewe nyingine. Nikapanda kifua mbele.

Furaha yangu iliishia Goweko, stesheni ndogo ya njiani. Tulisimama pale mpaka jua likatupata upande wa pili wa behewa. Chooni hakuna maji. Behewa la chakula limeishiwa hata chai, na mhudumu wake amelala. Waliotulisha ni akina mama wa pale, waliotuletea karanga na mahindi ya kuchemsha madirishani. Msimamizi wa treni alipita mara nne akisema, "Tunaondoka sasa hivi." Ucheleweshaji ulioniokoa asubuhi sasa ulikuwa unaninyang'anya harusi. Hasira ilinipanda. Alipokuja mara ya tano nilikuwa nimesimama katikati ya njia.

"Mwanangu, hiyo sasa hivi yako ina saa ngapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nijibu."

Akavua kofia. Reli ni moja, akasema, na treni ya mizigo inakuja kutoka mbele. Lazima ipite ndipo na sisi tutoke. Nayo inatambaa kwa sababu mvua imekula tuta la reli huko iliko. Tungetoka Tabora kwa wakati, tungeshapishana nayo mbali. Tumepoteza zamu yetu, sasa tunangoja zamu za wenzetu. "Injini ni chache, mama, na zimechoka. Ikifa moja, safari zote zinavurugika."

"Mbona husemi?"

"Watu watanipiga."

"Watakupiga kwa sababu husemi. Twende."

Tukapita naye behewa kwa behewa. Yeye anaeleza, mimi nimesimama nyuma yake na mikono mgongoni, nikimrudisha nyuma akiruka kitu. Hakuna aliyempiga. Watu waliguna, wakauliza maswali, mzee mmoja akampa karanga. Treni ya mizigo ilipopita jioni, behewa letu zima lilipiga vigelegele, na msimamizi alipiga makofi kuliko wote.

Kesho yake, saa saba na nusu mchana, tukaingia Dodoma. Kitenge changu cha harusi nilikivalia ndani ya choo kile kile, nikanawa uso kwa maji ya chupa. Bajaji ikanishusha kanisani na madebe yangu, kiatu kimoja kikinata asali.

Bibi harusi alikuwa amesimama nje ya mlango. Wajomba walimsihi aingie nao, amegoma. "Siingii bila shangazi," alikuwa anawaambia. Aliponiona akalia, poda ikaharibika, nami nikalia bila haya yoyote.

Mchungaji akatazama saa yake. "Shangazi, ni saa nane kamili."

"Ya mchana," nikamjibu. "Hii nimeisoma vizuri."

Hakuelewa, na sikumweleza. Kwa mkono ule ule alioushika kaka, nikamshika binti yake, tukaingia.