Chumvi Isizidi Machozi

Kuna swali moja la mtihani wa uuguzi ambalo hadi leo nikiliona limeandikwa mahali, nageuza ukurasa. Si swali gumu. Mweleze mama jinsi ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari. Sisi tulikuwa tunalicheka. Tulisema ni swali la huruma, la kuokoa wajinga.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nasomea uuguzi Kajiado, na mwanangu, ambaye alikuwa ndio ameanza kutembea, nilikuwa nimemwacha Kitengela. Bweni halikutaka watoto. Mume wangu alifanya kazi ya zamu kiwandani Athi River, kwa hiyo mama mkwe aliacha kuku na ng'ombe wake upande wa Kakamega akaja kunilelea. Nasema mapema, kabla mtu hajaanza kumhukumu: yule mama alimpenda mtoto wangu kuliko macho yake.

Jumamosi kabla ya mtihani wa vitendo nilikuwa nimekaa nyuma ya bweni, kwenye saruji ya tangi la maji, na rafiki yangu mmoja, Mkamba mwenye mdomo. Yeye alikuwa anauliza, mimi najibu, tukila mahindi ya kuchemsha.

"Digoksini. Kabla hujampa mgonjwa?"

"Nahesabu mapigo ya moyo. Yakiwa chini ya sitini simpi, namwita daktari."

"Kwinini kwa dripu?"

"Nachunga sukari isianguke."

"Haya, mathe, chukua alama za bure. Maji ya mtoto anayeharisha."

"Lita moja ya maji safi, yachemshwe yapoe. Vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, visawazishwe. Aonje kabla ya kumpa. Chumvi isizidi ya machozi."

"Sasa nani alionja machozi ndio akaandika hiyo?"

"Mwanafunzi wa uuguzi."

Alicheka mpaka punje ya mahindi ikamkwama. "Jentamaisini?"

"Inaharibu masikio na figo."

"Na hayo masikio yako yanafanya kazi? Mlinzi anakuita."

Ilikuwa simu ya ofisini. Mama mkwe alikuwa ameazima simu ya mwenye nyumba, na alikuwa anapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, mtoto anaharisha tangu jana. Lakini usishtuke, nampa ile maji ulinifundisha. Anaipenda! Anakunywa kama ndama. Ukimwondolea kikombe analia."

"Anakojoa, Mama?"

"Hiyo sijaona," akasema.

Mtoto anayeharisha akiacha kukojoa, maji yamemwisha mwilini. Nilienda kwa mwalimu mkuu wetu, mwanamke aliyevaa saa kifuani kama nishani, nikamwomba ruhusa.

"Wiki ya mtihani kila mtu ana mtoto mgonjwa," alisema bila kuinua kichwa. "Na wale hawana watoto, nyanya zao wanakufa mara tatu."

"Wangu alikufa mara moja, mwalimu."

Hapo akainua kichwa. "Ukitoka kwa hilo lango, mtihani wa Jumatatu usahau. Utangoja wenzako wa nyuma."

Nilitoka. Nilitoka na hasira ya kuweza kung'oa lango lenyewe, na hiyo hasira ndiyo ilinibeba hadi barabarani. Ilipoisha nikabaki na hofu peke yake.

Watu hudhani kujua kunapunguza hofu. Uongo. Mama asiyejua anaogopa kitu kimoja, kwamba mtoto ni mgonjwa. Mimi niliogopa kwa utaratibu wa kitabu. Macho yameingia ndani? Machozi yapo? Ngozi ya tumbo ukiibana, inarudi upesi au inasimama? Gari lilipopita Kisaju nilikuwa tayari nimejibu kila swali vibaya na mtoto amenifia kichwani. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu aliniuliza kama naomba. Nikamwambia ndiyo.

Nyumbani nilikuta kila kitu kimepangwa. Sakafu imepigwa deki, nepi zimeanikwa, jagi limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Mume wangu alikuwa zamu; mama mkwe alikuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani.

Midomo ilikuwa imepasuka. Ulimi umekauka kama kipande cha ngozi. Lakini nilipobana tumbo, ngozi ilirudi. Haikusimama vile kitabu kilisema, ila vidoleni ilikuwa nzito, kama unga wa chapati uliokandwa. Kilio chake kilikuwa chembamba, cha juu, si kilio nilichokijua. Upepo ukabamiza mlango, na mtoto akaruka mwili mzima kama aliyechomwa sindano. Kisha akaona kikombe na kukirukia kwa mikono miwili.

Hakuna ukurasa nilioukumbuka uliokuwa na mtoto kama huyo. Anakunywa na anakauka. Nilisimama hapo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na sikujua kitu.

Kilichonisaidia si akili, ni kukariri. Mdomo wangu wenyewe ulikuwa bado unaendelea na maneno ya mchana: aonje kabla ya kumpa. Nikamnyang'anya mtoto kikombe, akapiga yowe, nikaonja.

Nilitema sakafuni.

"Mama, hii maji ulitoa wapi?"

"Kwa mfereji. Si hapo nje?"

"Na ile niliacha kwa mtungi wa manjano?"

"Ile ya punda?" Alinitazama kama niliyemtukana. "Nimpe mtoto wa kijana wangu maji imetembea ikipigwa mkia na punda? Hata mtungi wenyewe una matope. Nilichota ya mfereji, safi kabisa, unaona mpaka chini. Nikachemsha sana, ikabaki nusu sufuria, ndio wadudu wote wafe. Nikaweka chumvi vile ulisema. Nusu kijiko, nikasawazisha na kisu."

Mtu wa Kitengela ameshaelewa. Maji yetu ya mfereji yalitoka kwenye visima virefu vya kuchimbwa na mashine, na yalikuwa ya chumvi. Ukipika chai nayo maziwa yanakatika. Ukifulia, sabuni inakataa kutoa povu. Sisi tuliogea, tukapiga deki, na ya kunywa tukanunua kwa wenye mikokoteni ya punda, tukiyaita maji tamu. Hakuna aliyekuwa anaeleza hayo, kama vile humwelezi mtu kwamba jua ni kali. Lakini mama mkwe alikuwa mgeni wa wiki chache tu, na kule alikotoka maji huchotwa kwenye chemchemi na yote ni matamu. Kwake maji ya mfereji yalikuwa ya serikali na ya punda yalikuwa ya kuogopwa. Akachukua maji ya chumvi, akayachemsha mpaka chumvi ikajikusanya, akaongeza chumvi, bila kuonja, kwa sababu kuonja sikuwa nimemfundisha. Na kila mtoto alipozidi kuwa na kiu, akampa zaidi.

Alifuata kitabu kuliko mimi.

Jirani yetu Mmaasai, yule aliyetuuzia maziwa, alisikia mayowe akaingia. Hakungoja salamu. "Enkerai, mtoto, ana nini?" Nilipoinua mtoto kumwonyesha, mikono ya mtoto ilianza kutetemeka, na huyo mama akatoka mbio kumwita mume wake. Pikapu yake ilikuwa imepakia majani ya ng'ombe ya kupeleka Kajiado. Tulikaa mbele, mimi na mtoto. Mama mkwe akapanda nyuma juu ya majani, kitambaa cha kichwa kikipepea, akimwita Mungu kwa Kiluhya.

Daktari wa wodi ya watoto katika hospitali ya chuo chetu Kajiado alinisikiliza, akatoa damu, na majibu yalipokuja akakuna shingo.

"Chumvi imepanda sana. Tutaishusha polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Wewe ni mwanafunzi wetu. Unajua tukikimbia nini kitatokea."

Nilijua. Ubongo unavimba. Ndiyo sababu tulikaa pale tukimtazama mtoto aliyekauka, akililia maji, na dripu inadondoka kama inayochoka. Mama mkwe hakuelewa.

"Mtoto ana kiu! Mnamnyima maji hospitalini? Nyinyi ni watu gani?"

"Ni dawa, Mama. Ndivyo inavyoenda."

"Mwanangu, hata adui hanyimwi maji."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, mtoto alishikwa na degedege. Macho yaligeuka, taya likakaza. Nilimlaza kwa upande jinsi nilivyofunzwa, nikapiga kelele jinsi hakuna aliyenifunza. Walimchoma dayazepamu akalegea, na kule kulegea kukanitisha zaidi. Niliweka sikio kifuani pake na sikuliondoa. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Ni mimi?" akauliza.

Nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba, lakini haikuwa yake. Ilikuwa ya walioandika "maji safi" wakamaliza, wakidhani maji ni maji kila mahali. Ilikuwa ya bweni lisilotaka watoto na ya mwanamke mwenye saa kifuani.

"Ni maji, Mama," nikasema. "Si wewe."

Jumatatu asubuhi watahini waliingia wodini, makoti meupe yamepigwa pasi, na wenzangu nyuma yao wamekauka kwa woga. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, nguo zile zile za Jumamosi, mtoto mapajani na dripu mkononi mwake. Alikuwa bado hajafungua macho vizuri. Mtahini mmoja, mgeni asiyenijua, alimshika bega rafiki yangu Mkamba.

"Mfundishe mama huyu maji ya chumvi na sukari."

Rafiki yangu alinitazama, na mdomo wote ukamwisha. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, hujambo," akasema. "Unachukua lita moja ya maji safi..."

"Maji gani?" nikauliza.

"Safi. Yaliyochemshwa..."

"Ya wapi? Ya mfereji wa Kitengela? Muulize mama anakaa wapi! Muulize anakunywa nini!"

"Mama, tafadhali," mtahini akasema. "Acha mwanafunzi amalize."

"Mtoto wangu ndiye amalizwe?"

Mtahini aliandika kitu kwenye karatasi yake; sijawahi kujua ni nini. Rafiki yangu alikuwa bado amechuchumaa, ameshika goti langu, na ni yeye aliyeona kwanza.

"We mathe," akanong'ona. "Nguo yako."

Joto lilikuwa linaenea mapajani mwangu, likishuka hadi kwenye kiti, likidondoka sakafuni. Mwanangu alikuwa ananikojolea. Mama mkwe aliinuka sakafuni, akaweka kiganja chake kwenye hayo maji, akakiangalia, akaanza kulia kwa sauti, na mimi sikuinuka, sikujipangusa. Nilikaa hapo hapo nikaomba aendelee.