Ushauri wa Wendell Kuhusu Friza

Mdogo wangu Wendell Haske ana kipaji kimoja na kasoro moja. Kipaji ni kuokoa vitu kwenye diski za kompyuta zilizokufa. Kasoro ni mdomo. Msifu mara moja tu uone, atakumwagia ushauri mpaka ujute.

Kiwanda cha karatasi cha hapa mjini Duluth, Marekani, kilipompunguza kazini, alifungua duka la ufundi. Mimi nakaa kaunta, napokea watu na machozi yao. Miaka ile ya mwanzo alitia diski moja kwenye friza, ikaamka, akaokoa kila kitu. Weee! Mji mzima ulisikia. Kwenye mlo wa samaki kanisani alisimama na sahani mkononi: "Diski ikigoma, itieni friza!"

Baadaye aligundua ile ilikuwa bahati tu, kwamba baridi huua diski nyingi kuliko inazoponya. Je, alisimama tena kanisani akasema? Thubutu! Aliona aibu, akanyamaza miaka ishirini.

Machi hii akaingia Lorna Tuominen, dereva wa basi la shule, na mfuko wa plastiki. Ndani mna diski imelowa umande, inanuka soseji ya kulungu.

"Nimefanya ulivyosema, Wendell. Siku mbili kwenye friza. Nikaiwasha mara sita, inakwaruza tu."

Wendell uso ukamshuka. Nikauliza mimi, "Mna nini humo, Lorna?"

"Mna Roy."

Roy ni mumewe, saratani ilimchukua Januari. Wiki zake za mwisho alijirekodi akimsimulia hadithi mjukuu wao, atakayezaliwa Mei.

"Dakika arobaini, Gail. Sina sauti yake mahali pengine. Unamjua yule, hata simu alikuwa hapokei."

Wendell aliifungua diski ndani ya sanduku lake la kioo lisiloingiza vumbi. "Dada, njoo uone," akaniita. Sahani ya diski, lile bamba la duara linalotunza kila kitu, ambayo hutakiwa kung'aa kama kioo, ilikuwa na mkwaruzo wa duara. Akanieleza kwa sauti ya chini: mwanzoni, kabla ya friza, kichwa cha kusomea kilikuwa kimenata tu juu ya sahani. Angekiinua taratibu kwa mkono, diski ingesomeka. Lakini ilipotoka kwenye friza umande uliingia ndani, na kila Lorna alipoiwasha, kichwa kilichimba.

Alifunga kichwa kingine, akanakili siku tisa, akianza na sehemu zisizokwaruzwa. Zilitoka picha. Roy na samaki, samaki peke yake, Roy tena. Hadithi zilikuwepo kwa jina tu, ndani tupu.

"Nitamwambia ilikufa zamani," akasema.

Hasira zikanipanda. "Ukome! Miaka ishirini umeufyata. Safari hii utasema ukweli, la sivyo namwambia mimi."

Basi Lorna alipokuja, Wendell alisema. Alisema yote, kanisani, friza, umande, bila kujitetea hata kidogo. Nilimwonea fahari, nakiri.

"Kwa hiyo," Lorna akauliza polepole, "ningeiacha pale mezani, nikakuletea hivyohivyo?"

"Ningeipata. Nisamehe, Lorna. Kosa ni langu."

Akakaa kwenye kiti cha wateja na koti lake, hajafungua hata kifungo. Nilisubiri amtukane. Nilitaka amtukane, Mungu anisamehe, nilidhani ndicho alichokihitaji.

"Si ungenidanganya tu, Wendell," akasema. "Mkono ulioitia mle friza ni wangu. Sasa nitaishi nao vipi?"

Akachukua picha za samaki, akashukuru, akatoka. Wendell hakunitazama, nami sikuthubutu kumtazama, maana mimi ndiye niliyemlazimisha aseme.