Kaboni za Lori la Sangara

Ndugu zangu, heri niwaambie mwenyewe kabla dereva wetu Masanja hajawasimulia. Mwaka 2010 hivi, viwanda vya samaki vilipokuwa vimeshamiri Mwanza, nilikuwa karani wa malori yaliyoleta sangara kutoka Sengerema. Siku moja bosi wetu, Mama Nyanjige, akaniambia, "Wanunuzi wa Ulaya wanakuja. Wanataka ripoti ya kaboni ya kila safari. Wakiridhika, mkataba ni wetu."

Kaboni? Hiyo si ndiyo kazi yangu! Wiki nzima nilihesabu karatasi za kaboni tulizonakilia hati za mizigo.

Wageni wakafika. Mmoja, aliyejua Kiswahili, akauliza, "Lori moja kutoka Sengerema hutoa kaboni kiasi gani?"

"Mbili tu," nikajibu kwa majivuno. "Na tunazirudia mpaka zitoboke."

Akakodoa macho. Nikadhani haamini, nikamwinulia moja iliyotoboka aione kwenye mwanga.

Mama Nyanjige akajifunika uso kwa khanga. Masanja akaegemea ukuta kwa kicheko. "Karani wee! Wanauliza moshi wa lori!"

Mgeni naye akacheka mpaka machozi, kisha akanishika bega. "Njoo, tuuhesabu huo moshi; tuanze na lita za dizeli."