Koili za Mota ya Kaseti

Kila ninapochoma vanishi ya waya wa shaba, harufu yake kali hunirudisha kwenye veranda yetu katika mtaa wa Mbotela. Nilikuwa nimefungua mota ndogo ya redio kaseti iliyokufa na kuchoma vanishi kwenye ncha za nyaya zake. Nilitaka koili zake, yaani nyaya zilizozungushwa ndani yake, pamoja na transista moja, zipandishe nguvu ya betri iliyochoka hadi iwashe taa ndogo nyekundu ya redio hiyo.

Mjomba wangu, fundi wa redio, alicheka. "Betri moja haiwashi hiyo taa, hata ikiwa mpya. Wacha mchezo, msichana, umsaidie mamako jikoni."

"Nitaenda ikiwaka, mjomba."

Alinyoosha mkono kuchukua zile nyaya. Nikazivuta kifuani, vidole vyangu vikiuma kwa kuungua. Kisha nikageuza ncha za koili moja, ambazo nilikuwa nimeziunga kinyume, na kuzigusisha tena. Taa ikawaka, ikatulia.

Mjomba aliinama kuiangalia. "Haya, zima. Unamaliza betri."

Sikuizima. Mama alitoka jikoni, mikono imejaa unga, akanitazama, kisha akamgeukia kakake.

"Ingia wewe usukume chapati," akamwambia. "Huyu ana kazi."