Maji Niliyoyakataa kwa Bibi

Niliondoka Mbalizi kwa sababu bibi yangu alikuwa hawezi tena kumeza ugali. Uvimbe wa shingoni, aliokuwa nao tangu sijazaliwa, ulikuwa umeanza kumbana koo, na daktari wa Mbeya alikubali kumpasua iwapo angeletwa mapema. Baba, mwanawe pekee, amepooza upande mmoja. Nikabaki mimi, mhitimu asiye na kazi, mwenye muda wote wa kusafiri na kuwaza.

Bibi anaishi upande wa Mufindi, milimani ambako simu haishiki wala gari halifiki. Ni treni tu.

Jioni treni ilishuka uwanda wa Usangu. Rujewa akapanda mama mmoja muuza mchele, akaketi mbele yangu. Nilikuwa napanga maneno. Nikimtajia Bibi kisu, atakataa. Nikisema ni matembezi, nitakuwa nimemdanganya. Nikichelewa kusema, nitakosa ujasiri.

"We kijana, mbona midomo inacheza? Unasali au unajibizana na mwenye nyumba?"

"Nafikiri tu, mama."

"Fikiri ukiwa umekula. Shika andazi."

Nililishika mpaka Makambako bila kulila.

Alfajiri milima ilianza. Treni iliingia ndani ya mwamba, giza tupu, ikatokea juu ya daraja refu, ukungu umejaa korongoni chini yetu, kisha giza tena. Abiria walijazana madirishani kupiga picha. Mimi, kila tulipotokea kwenye mwanga, nilikuwa nimebadilisha sentensi ya kwanza.

Asubuhi nilishuka, nikapanda kilima karibu mbio. Bibi alitoka na kigoda na kata ya maji.

"Kamwene, mjukuu wangu. Kaa, unywe."

Kwetu mgeni hukaa, akanywa, ndipo akasema kilichomleta. Anayesema akiwa amesimama amebeba habari ya kifo. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, nikaogopa yatanitoroka.

"Sikai, Bibi. Baba amenituma. Twende Mbeya."

Kata ilianguka. Bibi akapiga yowe, akilitaja jina la Baba kwa sauti iliyokwaruza kwenye ule uvimbe. Majirani wakaja na kuni na mikeka. Niliapa kwamba Baba yu hai, kwamba mgonjwa ni yeye Bibi.

"Ndivyo wafiwa wanavyoambiwa ili wakubali safari," jirani mmoja alisema, akiendelea kuwasha moto.

"Mpigie nimsikie," Bibi akasema.

Nilizunguka kilima chote na simu juu. Haikushika.

Usiku kucha walilia. Kulipokucha nilipiga magoti. Bibi alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Kama amekufa, mleteni azikwe kwa baba yake. Kama yu hai, aje mwenyewe anichukue."

Baba hawezi hata kufika chooni peke yake.

Nikarudi na treni iliyopita siku hiyo, kiti cha pembeni yangu kikiwa kitupu. Kwenye yale mahandaki nilijifunza kwamba adabu iliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi, wanaotetemeka: kaa kwanza, kunywa, maneno yatasubiri. Nimelijua kwa kuchelewa, na koo la Bibi halisubiri.

Makambako simu ilishika, ikaita papo hapo. Alikuwa Baba.

"Umemkalisha dirishani?" aliuliza. "Mama anapenda kuangalia milima."

Njia nzima nilikuwa nikiandaa maneno. Safari hii nilikunywa maji kwanza, ndipo nikasema.