Espérance ya Mama Masika

Dada yangu Laurence anafundisha hesabu katika chuo kimoja hapa Goma, na utafiti wake ni wa vifo. Si vya watu, ni vya puce, zile za ndani ya simu na mashine, zenye sehemu ndogo hivi kwamba unywele mbele yake ni gogo. Anakadiria zitadumu muda gani kabla ya kufa. Kazi gani hiyo, nilikuwa namtania, kuvikalia matanga vitu usivyoviona!

Mama yetu, Masika, muuza viazi wa mtaa wa Mapendo, anayo moja kifuani, ndani ya kile kimashine kinachoukumbusha moyo wake kupiga. Alipowekewa, aliuliza kitadumu hadi lini. Laurence akamjibu harakaharaka, kama anavyowajibu wanafunzi: "Espérance yake ni miaka kumi, mama."

Balaa ilianzia hapo. Kwa watu wa hesabu, espérance ni wastani tu. Kwa Mama, mutu wa misa ya kila asubuhi, espérance ni tumaini, na tumaini linatoka kwa Mungu.

Mwaka huu, kumi haijatimia, akaanza kushikwa na kizunguzungu. Daktari wake wa Kigali akamwambia avuke mpaka haraka akapimwe. Mama akagoma.

"Miaka yangu haijaisha. Laurence mwenyewe alisema."

Nilifoka, nikamwita kichwa ngumu, lakini wapi! Niliogopa tutamzika.

Laurence akaja na kompyuta, akamwonyesha michoro yake. Mama akapiga miayo. Dada akaifunga, akavuta gunia la viazi.

"Mama, viazi vinakaa muda gani?"

"Wiki mbili."

"Vyote?"

"We mutoto! Kimoja kinaoza kesho, kingine kinamaliza mwezi. Ndiyo maana kila asubuhi ninavipapasa."

"Basi ile miaka kumi ni wiki mbili zako."

Mama akaweka mkono kifuani.

"Na mimi nimebeba kiazi gani?"

Laurence, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kulia. "Sijui, mama. Hesabu yangu inajua gunia. Kiazi haikijui."

Mama akasimama, akajifunga kitenge.

"Sasa unalia nini? Vanessa," akanigeukia mimi, "leta karte yangu ya kuvukia mpaka. Twende wakanipapase."